Haki ya Jirani Aliye Chini ya Sakafu

 Katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha kuliulizwa suala ambalo mwanzo wake lilichekesha, kisha likatunyamazisha sote. Suala lenyewe ni hili: mtu akimuudhi jirani yake naye hajui kwamba anamuudhi, je, ana lawama mbele ya Mwenyezi Mungu, au hana? Aliyeuliza alikuwa mimi, na sababu ya kuuliza ni kinu cha nyumbani kwangu. Kwa hiyo sina budi kuieleza habari hii tangu mwanzo wake, ijapokuwa si habari ya kujisifia.

Sisi watu wa Bumala si watu wa ghorofa. Wazee wa upande huu walijenga nyumba zao mbalimbali katika mashamba, za udongo na nyasi, na baadaye za mabati, na baina ya nyumba na nyumba palikuwa na ua, migomba na njia ya ng'ombe. Mtu aliweza kutwanga, na kuimba, na kugombana na mkewe, na mwenziwe asisikie ila kwa mbali. Wala Uislamu uliotufikia kwa njia ya Mumias, zama za Nabongo Mumia, haukutukuta tukiishi mtu juu ya kichwa cha mtu. Lakini mji wetu umekaa katika barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Busia, na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, watu wa kazi wamezidi: makarani, wauguzi, madereva wa malori, mawakala wa forodha. Ardhi iliyo kando ya lami imepanda bei, na mwenye kiwanja kidogo hujenga kwenda juu. Basi tumehamia katika ghorofa, nasi tumehamia na adabu zetu zile zile za shambani.

Nyumba yangu iko ghorofa ya pili. Chini yangu alikaa dereva wa lori pamoja na mama yake mzazi, Wakristo, watu wa salamu na heshima. Kwa muda wa miaka mitatu tulikutana katika ngazi, tukaulizana hali, kila mtu akashika njia yake. Sikupata kuingia kwao hata siku moja, na hilo peke yake lanitosha kuwa ni kosa. Yule mama aliugua muda mrefu, kisha mwezi wa Agosti 2023 akafariki. Nikateremka kwenda kumpa pole mwanawe. Nimekaa kitini, sijayamaliza maneno yangu, nikasikia kishindo juu ya kichwa: du, du, du, halafu kitu kikaburutwa kutoka ukuta huu hata ukuta wa pili, halafu miguu ya mtu akimbiaye, akaenda, akarudi, akaenda tena. Nikatazama juu, nikamwuliza mwenyeji wangu, "Kuna nini huko?" Hakunijibu upesi. Aliinamisha macho, akaona haya kwa ajili yangu. Na hapo ndipo nilipokumbuka ya kuwa huko juu ni kwangu. Kile kishindo kilikuwa ni mke wangu akitwanga njugu, kilichoburutwa ni meza yetu ya chakula, na mkimbiaji ni mwanangu wa miaka minne. Kitanda cha marehemu kilikuwa chini ya jiko langu barabara.

Nikamtaka radhi. Akaniambia, "Usijali, Ustadh, sisi tulikwishazoea."

Neno hilo ndilo lililonipeleka darasani. Kwani kuzoea si kuridhia. Punda naye huuzoea mzigo, wala hapana aliyesema kwamba punda ameuridhia. Imepokewa kutoka kwa Imam Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwamba mwenye kunyamaza hatiwi neno kinywani ambalo hakulisema. Nasi, ambao wengi wetu twajinasibisha na madhehebu yake, kila siku twamtia jirani maneno kinywani kwa kimya chake. Twasema: angeudhika angesema. Lakini hebu tuangalie kwa nini yule dereva hakusema. Yeye ni mpangaji kama mimi, aogopa kuitwa mgomvi. Mimi ni mtu ninayeitwa Ustadh, na watoto wa watu huja kwangu kusoma. Yeye si Mwislamu, na pengine alidhani kwamba akilalamika juu ya kelele za alfajiri ataambiwa kuwa anaichukia dini. Basi heshima yangu mwenyewe ndiyo iliyomziba kinywa, na kadiri nilivyozidi kuheshimiwa ndivyo nilivyozidi kutoambiwa.

Sasa turejee katika suala. Baadhi ya ndugu darasani walisema: hapana lawama, maana Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu makosa ya kutokusudia na ya kusahau, kama ilivyokuja katika hadithi ya Ibn Majah. Maneno hayo ni kweli, lakini yana mpaka wake. Mtu aliyeua kwa kukosea hana dhambi ya mwenye kuua kwa makusudi, na pamoja na hayo Kurani imemwajibisha diya na kafara. Na aliyevunja chombo cha mwenziwe kwa kuteleza hulipa chombo. Hivyo twaona kwamba kukosea huondoa dhambi, lakini haki ya mwenye kudhuriwa haiondoki pamoja nayo. Hubaki pale pale ikimngoja mwenyewe. Tena ujinga wenyewe una namna mbili: ujinga wa asiyekuwa na njia ya kujua, na ujinga wa yule ambaye angeuliza angejua. Baina yangu na kujua palikuwa na vidato kumi na vinane vya ngazi. Miaka mitatu sikuvishuka kwa nia hiyo. Siwezi kusema mbele ya Mola wangu kwamba sikuwa na njia.

Katika jambo hili twapata mfano ulio wazi kuliko mifano yote, nao ni wa ghorofa khasa. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, alishukia katika nyumba ya Abu Ayyub Al-Ansari (r.a.), nayo ilikuwa nyumba ya chini na juu. Mtume alikaa chini, Abu Ayyub na mkewe wakakaa juu. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba usiku mmoja Abu Ayyub alizindukana, akajiambia: vipi sisi twatembea juu ya kichwa cha Mtume wa Mwenyezi Mungu? Wakajitenga upande mmoja wa nyumba wakalala huko hata kukapambazuka. Asubuhi akamweleza Mtume. Naye akamjibu kwamba pale chini pana wepesi zaidi kwake. Abu Ayyub hakukubali. Alisema kwamba hatakaa juu ya dari ambayo Mtume yuko chini yake, na hapo wakabadilishana. Tena imepokewa kwamba mtungi wao wa maji ulivunjika juu, na mtu na mkewe wakayakausha maji kwa shuka lao, wala hawakuwa na jingine la kujifunika, kwa kuchelea yasimdondokee aliye chini.

Ndugu msomaji, angalia mambo katika kisa hiki. Aliye chini hakulalamika. Bali alipoulizwa alisema kwamba yeye yuko vizuri. Wala hatukusikia kwamba Abu Ayyub alikuwa akipiga kelele. Yeye na mkewe walikuwa wakitembea tu. Walakini hakuyafanya malalamiko ya aliye chini kuwa ndiyo kipimo chake. Alijipima mwenyewe, usiku, kabla hajaambiwa neno.

Mtu atasema: hiyo ilikuwa heshima ya Mtume, si haki ya jirani yeyote, dereva wa lori si Mtume. Nakubali kwamba Abu Ayyub alisukumwa na utukufu wa mgeni wake. Lakini Mtume mwenyewe aliwafanyia nini watu wasiokuwa na utukufu wowote mjini? Katika Sahihi hiyo hiyo, Al-Miqdad (r.a.) aeleza kwamba yeye na wenziwe wawili walifika Madina wamedhoofika kwa njaa hata kusikia na kuona kwao kukapungua, na watu wengine hawakuwapokea. Mtume akawachukua, wakawa wakilala kwake na kunywa maziwa ya mbuzi. Naye alikuwa akirudi usiku, hutoa salamu kwa sauti ambayo aliye macho huisikia na aliyelala haimwamshi. Hao ni maskini watatu wenye njaa, waliolala katika nyumba isiyo yao, na usingizi wao ukapimiwa sauti. Basi hapana tena la kusema kwamba utulivu ni haki ya wakubwa. Wala usiseme kwamba ni haki ya Waislamu peke yao, kwani Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinja mbuzi aliuliza mara baada ya mara kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama, na hoja yake ilikuwa ni usia wa Jibril juu ya jirani.

Hapa yafaa tujue kidogo jinsi sauti inavyosafiri, maana asiyejua njia ya maudhi hawezi kuiziba. Sauti ya maneno, ya redio na ya mtoto aliaye hupita katika hewa: hutoka dirishani, hupenya chini ya mlango, hushuka kwa ngazi, na ikifika ukutani huzuiwa na uzito wa ukuta. Mara nyingi kuziba nyufa na kufunga mlango kwatosha. Lakini kishindo ni namna nyingine. Mchi ukipiga, au kisigino, au mguu wa kiti ukiburutwa, pigo huingia ndani ya zege lenyewe, na sakafu nzima hutetema mfano wa ngozi ya ngoma. Na ngoma hiyo hulia upande wa chini. Ndiyo sababu aliye juu husikia kidogo na aliye chini husikia sana. Nimewaona watu wakibandika trei za mayai darini wakidhani zitawakinga. Hizo hupunguza mwangwi wa chumba chao wenyewe tu. Pigo la juu halizijui. Mwenye fedha aweza kuning'iniza dari ya pili, nayo yasaidia kwa kiasi, lakini kishindo huteremka kwa kuta pia. Dawa ya kweli ya kishindo iko pale kinapozaliwa, nayo ni rahisi ajabu: busati au zulia nene juu ya sakafu, kipande cha mpira wa gurudumu chini ya kinu na chini ya cherehani, vitambaa katika miguu ya viti, viatu mlangoni. Mpira mmoja uliowekwa juu wafaa kuliko dari nzima itakayojengwa chini.

Na hili ndilo linaloitenga kadhia ya ghorofa na ugomvi mwingine wa majirani. Moshi ukikujia waweza kufunga dirisha. Takataka zikitupwa mlangoni pako waweza kuzifagia. Lakini kishindo cha juu hakina dawa mkononi mwa mwenye kukisikia. Dawa iko kwa yule asiyesikia kitu. Mwenye maumivu hana uwezo, na mwenye uwezo hana maumivu. Hapo pasipokuwa na mtu wa kuteremka ngazi na kuuliza, jambo hili halitatengenea hata Kiyama.

Ndugu zetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walitutangulia katika kukaa juu na chini. Nyumba zao za kale za mawe zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na sakafu zao ni tabaka nzito la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Juu ya sakafu hizo walitandika mikeka na majamvi, na viatu vilivuliwa mlangoni. Sidai kwamba walikuwa wakifikiri habari za kishindo tu. Lakini desturi ile ilikuwa na hekima ndani yake. Sisi wa leo twapenda vigae ving'aavyo, twapita juu yake na viatu, na mkeka twauona ni umaskini.

Yuko atakayesema: nyumba ni kodi yangu, na kila mtu ana uhuru katika milki yake. Neno hili lina asili katika fikihi, wala halifai kudharauliwa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), asema katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana katika darasa za pwani, kwamba kila mmoja hutumia milki yake kwa mujibu wa ada. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi yajuzu mtu kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na nyumba za watu kuwa hamamu au zizi la wanyama, au duka lake lililo kati ya wauza nguo kuwa la mhunzi. Wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini sharti lafuata papo hapo: iwapo atachukua hadhari na akaziimarisha kuta. Mhunzi ameruhusiwa nyundo yake kwa bei ya ukuta madhubuti. Na kanuni ya Kituruki, Majalla, iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, yaamrisha kuondolewa dhara iliyopindukia, na katika mifano yake imetaja nyundo ya mhunzi na kinu cha kusagia vinavyotikisa jengo la jirani. Tena tuikumbuke hadithi ya jahazi katika Sahihi ya Bukhari: wale wa tabaka la chini walitaka kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe, na nia yao ilikuwa njema, wasiwasumbue walio juu kwa kupita kuteka maji. Sehemu ilikuwa yao. Bahari haikuwa yao.

Serikali nayo ina kanuni za mwaka 2009 za kuzuia kelele na mitetemo, na ndani ya nyumba za makazi zimeweka mpaka wa desibeli 35 usiku, tangu saa 2 hata saa 12 alfajiri. Ni kanuni nzuri kwa mabaa na vipaza sauti. Lakini nani atamwita afisa wa NEMA kwa sababu ya mchi wa jirani?

Lililo zito kwangu zaidi ni kelele tunazozifanya kwa jina la ibada. Mwezi wa Ramadhani sisi huamka saa 10 alfajiri kula daku. Vyungu vyagongana, mashine ya kusagia yanguruma, viti vyaburutwa, watoto waliokataa kulala wakimbia. Na redio yafunguliwa Kurani kwa sauti kubwa, nasi tumo jikoni hatuisikilizi. Kwa siku thelathini jirani aliyekuja kutoka Malaba usiku wa manane, amesimama foleni na lori lake siku mbili, aamshwa na mfungo wa mtu mwingine. Kisha khitma katika chumba cha ghorofa, watu arubaini, na kipaza sauti juu yake! Kipaza sauti hicho chamsikilizisha nani, na wote wamo chumbani? Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu msikitini akawasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa, akafunua pazia akawakataza wasiudhiane, wala wasipandishiane sauti katika kisomo, kwani kila mmoja wao yuko katika kumnong'oneza Mola wake. Ikiwa msikiti, na kisomo cha Kurani, na wasikiaji wote ni waumini, vimekatazwa, redio ya jikoni yetu itapita kwa hoja gani? Na yule asemaye kwamba Wakristo nao hukesha na ngoma zao, namjibu kwamba deni la mwenzio halilipi lako.

Kwa aliye chini sina mengi. Aseme, na aseme mapema, kabla moyo haujajaa, kwani atakayengoja miaka miwili atakuja na matusi. Na mwenye duka la chini aliyeweka mashine ya unga chini ya vyumba vya watu ajue kwamba mtetemo hupanda pia. Wenye kujenga nao wangewaondolea wapangaji wao taabu nyingi lau wangepanga jiko juu ya jiko na chumba cha kulala juu ya chumba cha kulala. Katika jengo letu haikuwa hivyo, na gharama ya kulipanga hivyo ni mstari wa kalamu tu.

Juu ya haki ya yule mama, darasa halikuafikiana. Wengine walisema mwanawe amesamehe, basi imekwisha. Wengine walisema usingizi ulikuwa wake yeye, na mrithi hawezi kusamehe asichokikosa. Mimi mwenyewe naelekea kauli hii ya pili, wala sijapata raha nayo.

Yule dereva amehamia Malaba. Mahali pake amepanga muuguzi wa zamu za usiku, ambaye hulala mchana. Juma lake la kwanza niliteremka, nikamwomba ruhusa nisimame chumbani mwake pamoja naye, na huko juu nikawaacha watu wangu wafanye kazi zao kama kawaida. Kinu sasa kiko uani, hakisikiki. Meza tumeivisha vitambaa miguuni, nayo haisikiki. Busati tumelitandika chumba kizima, lakini miguu ya mtoto bado yasikika kwa mbali, maana kishindo kizito cha namna ile zulia halikimalizi. Muuguzi alisema saa nne asubuhi ndipo usingizi wake unapokuwa mzito. Tumepatana kwamba saa hizo mtoto atakuwa akicheza chini, penye miti.